Nyota tatu kwa wakala aliyenipangia tarehe ya kuhamia Kanada: waliniokoa na kosa kubwa, wakanitia kwenye la siku mbili

Naandika huku nanyonyesha, kwa hiyo mkiona herufi zimeruka mjue ndo ivyo.

Hii huduma sio ile ya kuombewa PR, yaani ukaazi wa kudumu. PR yangu mume wangu alinidhamini mwenyewe, akajaza fomu mwenyewe usiku akitoka kazini, hatukumlipa mtu. Hawa niliwatafuta baada ya kila kitu kukubaliwa. Ni wakala wa uhamiaji, jina nalihifadhi, ofisi yao iko Ontario ila kazi yote wanafanya kwa simu na video. Wana kifurushi cha kukupangia kuhama, vikao viwili vya saa moja moja, wanakutengenezea kalenda, alafu unaruhusiwa kuwauliza maswali kwa imeili mpaka siku unafika. Dola 400 za Kanada. Mama yangu aliposikia alicheka mpaka akakaa chini, "yaani unamlipa mtu akwambie siku ya kupanda ndege?" Na mi mwenyewe nilikuwa na aibu kidogo, ila nilikuwa na mimba ya miezi mitatu, mtoto mwingine wa miaka tisa, mkataba wa kazi unaoisha Desemba, na mume yuko Surrey, jimbo la British Columbia, anapiga simu kila siku na tarehe mpya, nikaona bora nimlipe mtu ambaye sio ndugu.

Sa nianze na mazuri maana yapo.

Kwa wasiojua, PR ikikubaliwa na we uko nje ya Kanada unapewa karatasi inaitwa COPR, ndo uthibitisho kwamba umekubaliwa, lakini hujawa mkaazi bado mpaka ufike mpakani au uwanja wa ndege afisa aipitishe. Ina tarehe ya mwisho. Watu wengi, na mi nikiwemo, tunafikiri ile tarehe inahesabiwa tangu karatasi itoke, kumbe mara nyingi inafuata vipimo vya afya, ambavyo vinadumu miezi 12, au pasipoti yako kama inaisha mapema zaidi. Sisi tulipima Februari, karatasi ikaja Julai, mwisho wake 11 Februari. Kwa hiyo nilipokuwa nashangilia na vigelegele, miezi mitano ilishaliwa. Na haiongezwi muda, ukikaa nayo ikaisha unaweza kujikuta unaanza upya, ada na vipimo na kusubiri, vyote.

Mpango wangu ulikuwa hivi: nafanya kazi mpaka mkataba uishe Desemba, najifungulia nyumbani mwisho wa Januari, mama anikande siku chache, alafu wiki ya kwanza ya Februari tunapanda ndege mi na watoto wawili kabla ya tarehe 11. Nilikuwa naona nimepanga kweli kweli. Mume wangu naye alikubali, mama ndo kabisa, alishanunua hadi beseni.

Kikao cha kwanza, dakika tano hazijaisha, yule dada mshauri wao kaniuliza swali moja. "Tangu mtume maombi, familia imeongezeka au inaongezeka?" Nikamwambia nina mimba, lakini si nitazaa kabla ya kusafiri, nakuja naye. Kimya. Alafu akasema, "Dada yangu, huyo mtoto hayumo kwenye hiyo karatasi."

Aisee nilihisi baridi. Akanielezea polepole: mimba yenyewe sio tatizo, safiri nayo, hakuna anayekuzuia. Ila mtoto akizaliwa kabla hujafika Kanada na kupitishwa, huyo ni mwanafamilia mpya, lazima uwaambie IRCC, idara yao ya uhamiaji, kabla ya kusafiri, apimwe, aingizwe kwenye faili, apate karatasi yake, na baba yake ni PR tu sio raia kwa hiyo mtoto hapati uraia wa Kanada kwa kuzaliwa nje. Hiyo kazi huwezi kuimaliza kwa wiki mbili mtoto akiwa na kitovu. Na ukijifanya mjanja ukaenda bila kumtaja, sheria yao inasema mtu wa familia ambaye hukumtaja na hakupimwa wakati unaingia anaweza kufungiwa, usiweze kumdhamini baadaye. Yaani ungejikuta we mkaazi wa Kanada na mtoto wako wa kumzaa yuko kwa bibi yake. Sheria hiyohiyo inamgusa anayefunga ndoa katikati, wale vijana waliodhaminiwa na wazazi wao wakiwa hawajaoa, alafu wakaoa kabla ya kusafiri wakinyamaza.

Hapo tu dola 400 yangu ilirudi. Nisiwe mchoyo wa shukrani, hilo swali lingenigharimu vibaya mno, na ndugu wote niliowauliza, hata wale waliokaa Kanada miaka kumi, hakuna aliyenambia.

Basi mpango ukageuka: ninasafiri na mimba. Mama alinuna wiki nzima.

Kingine walichofanya vizuri ni kunitoa kichwani ile habari ya kwenda kulandi na kurudi. Mnaijua, unaenda wiki mbili, unapitishwa, unarudi kumalizia mambo yako, unahamia rasmi baadaye. Na mi nilitaka hivyo, niende Agosti nirudi nimalize mkataba. Dada hakusema haiwezekani, alinionyesha tu inavyokuwa. Visa ya kuingilia unayobandikiwa kwenye pasipoti kwa sisi tunaohitaji visa ni ya kuingia mara moja. Kadi ya PR inatumwa kwa posta na inatumwa kwenye anwani ya ndani ya Kanada tu, na anwani hiyo uwe umewapa ndani ya siku 180, zikipita unaomba upya na kulipa dola 50. Ukitoka kabla kadi haijafika, kurudi inabidi uombe hati nyingine ya safari ukiwa huko nje. Kwa mtu mwenye kazi nzuri na asiye na mimba inawezekana kabisa, maana masharti yao ya kukaa ni siku 730 ndani ya kila miaka mitano, sio kama unatakiwa usitoke. Ila mi ningerudi kumalizia kazi alafu nianze kufukuzia hati ya safari na tumbo la miezi saba, na mashirika mengi ya ndege yanataka barua ya daktari kuanzia wiki ya 28 na yanakukatalia ukishafika 36. Nikaelewa. Nikaandika barua ya kuacha kazi mwezi wa nane.

Alafu kuna kitu kidogo ambacho nawapa pointi zote: tiketi. Mume alikuwa ameona ndege ya bei nafuu inapitia Toronto, unganisho la saa moja na nusu, ndo unaenda Vancouver. Dada akakataa. Unapitishwa kuwa mkaazi kwenye uwanja wa kwanza wa Kanada unaogusa, sio ule unaoishia. Kwa hiyo foleni yote ya uhamiaji, maswali, kusaini COPR, orodha ya mizigo, vyote vingekuwa Toronto na ndege ya pili haikusubiri. Tukachukua ya saa nne na nusu za kusubiri. Siku ya siku tulitumia saa mbili na dakika arobaini pale Pearson, uwanja wa Toronto, mwanangu amelala juu ya begi. Ile tiketi ya kwanza tungeachwa.

Haya. Sasa tarehe.

Kalenda waliyonitumia ilikuwa nzuri kuangalia, rangi rangi, na katikati wamezungushia tarehe 2 Oktoba: FIKA. Sababu zao zilikuwa tatu na kila moja ukiisikia unakubali. Kwanza nyumba, mume wangu alikuwa anaishi besimenti ya chumba kimoja na mwenzake, nyumba ya vyumba viwili aliyopata inaanza tarehe mosi, maana Kanada mikataba ya kupanga inaanza tarehe mosi karibu yote, kwa hiyo ukifika tarehe 2 funguo zipo. Pili, 30 Septemba ni Siku ya Kitaifa ya Ukweli na Maridhiano, na British Columbia wameifanya sikukuu ya mapumziko tangu 2023, ofisi zimefungwa, utafika ukae tu. Tatu, tiketi ya tarehe 2 ilikuwa chini kidogo. Nikauliza na bima ya afya je, maana ndo ilikuwa inaninyima usingizi, kliniki. Jibu la imeili ninalo mpaka leo: usiwe na wasiwasi, kusubiri kulishaondolewa, unajiandikisha ukifika.

Nikafika tarehe 2. Tarehe 3 nikaenda na mume wangu kujiandikisha. Wale mnaokaa jimbo hilo najua mmeshashika kichwa.

Kusubiri kulikoondolewa ni kwa Ontario, ile miezi mitatu waliiondoa Machi 2020 wakati wa korona. Mi naenda British Columbia. Bima ya huku inaitwa MSP, malipo ya kila mwezi yalifutwa tangu Januari 2020 kwa hiyo ni bure kweli, lakini unasubiri: siku zilizobaki za mwezi uliofika, ukijumlisha na miezi miwili. Someni tena hapo taratibu. Siku zilizobaki za mwezi uliofika. Yaani mtu aliyefika 30 Septemba, mwezi wake wa kwanza ni ile siku moja tu, anaongeza Oktoba na Novemba, tarehe 1 Desemba ana bima. Mimi niliyefika 2 Oktoba namalizia Oktoba yote, naongeza Novemba na Desemba, bima yangu 1 Januari. Siku mbili za kalenda, mwezi mzima wa bima. Hata ningefika tarehe 30 saa tano usiku ningekuwa salama.

Mwezi wenyewe sasa ni Desemba, wiki ya 32 mpaka 36, ambapo kliniki ndo zinakuwa nyingi. Tuliulizia bima binafsi za kuziba pengo, zile tulizoulizia hazikutaka kusikia mimba ambayo tayari ipo. Nikawa nalipia kila kitu mkononi, Oktoba na Novemba hizo sina ugomvi nazo, ningelipa hata ningefika 30, ila Desemba katikati presha ikapanda nikalazwa usiku mmoja wachunguze. Usiku mmoja. Bili yake sitaiandika maana mama mkwe anasoma humu, ila weka dola 400 pembeni uone inavyokuwa ndogo. Mume wangu hakusema neno, aliichukua ile karatasi akaikunja mara nne akaiweka mfukoni, ningependa angegomba.

Na ndo ninachotaka mtu anayepanga safari akibebe. Hao wakala, na ndugu, na mi mwenyewe, wote tuliipanga tarehe kwa kuangalia nyumba, kwa sababu nyumba ndo unaiona, funguo unazishika. Kila kitu kikaelekea tarehe mosi na kuendelea. Kumbe jimbo linahesabu kwa kuelekea mwisho wa mwezi. Ningelala usiku mmoja chini kwenye godoro la besimenti na mwenzake mume wangu angeenda kulala kwa rafiki, tungecheka, kesho yake tunahamia. Ile sikukuu wala haina maana, uwanja wa ndege haufungwi sikukuu. Na kila jimbo lina yake, Alberta ukijiandikisha ndani ya miezi mitatu wanakuhesabia tangu siku uliyofika, Quebec unaweza kusubiri mpaka miezi mitatu. Swali la kwanza la mtu anayepanga tarehe lilipaswa kuwa unaenda jimbo gani, na hawa waliniuliza hilo kikao cha kwanza kabisa, wakaandika Surrey kwenye kalenda yao wenyewe juu kulia kwa rangi ya kijani!

Nikawaandikia. Nitakuwa mkweli, walijibu siku hiyo hiyo na hawakuzunguka, dada alisema kosa ni lake, wateja wao wengi wanashukia Ontario na amejibu kwa mazoea. Nilimheshimu kwa hilo. Wakasema watanirudishia hela ya kikao cha pili.

Mengine ni ya kawaida nayapitia haraka. Orodha ya mizigo, yaani vitu unavyokuja navyo na vile vitakavyofuata baadaye, walinitajia kwenye imeili moja siku mbili kabla ya safari, mstari mmoja. Hiyo ni kazi ya wiki jamani. Unatakiwa uwape forodha orodha siku ile ile ya kwanza unaingia, fomu yake ni BSF186, na kitu ambacho hukukiandika kikija baadaye hakipati ule msamaha wa ushuru. Mi nilikuwa nafungasha usiku, nikasahau kuandika cherehani yangu ya umeme niliyoiacha ije na mzigo, nimeitumia miaka sita hiyo cherehani, ikaja kutozwa kama kitu kipya cha dukani.

Kodi hawakugusa kabisa. Nilivyokuja kumuona mhasibu huku ndo naambiwa siku unayoanza kuwa mkaazi kwa ajili ya kodi ni tarehe nzito, kuanzia hapo kipato chako cha popote duniani unakiripoti, na vitu kama kiwanja ulichoacha nyumbani vinahesabiwa thamani yake ya siku ile, ndo utakayoanzia siku ukiuza. Kiinua mgongo changu kiliingia Novemba. Ningejua ningemwomba bosi anilipe kabla sijaondoka, na angekubali, alikuwa mtu mwema. Sasa kikawa kazi ya mhasibu, ambaye naye hafanyi bure.

Na hili limenikera zaidi ya hayo mawili: kuna huduma za kabla ya kufika ambazo serikali ya Kanada yenyewe inazilipia, kwa watu waliokwisha kukubaliwa na bado wako nje, ushauri wa kazi, maelezo ya shule, vyeti, makazi, bure kabisa. Ukishaingia Kanada hizo huna haki nazo tena, unahamia za ndani. Nilikuwa na haki hiyo kuanzia Julai mpaka Oktoba na hawakunitajia hata kwa bahati mbaya. Sisemi walificha. Ila mtu anayeuza maji sio atakayekuonyesha bomba.

Shule ya mwanangu ilikwenda vizuri, aliingia Oktoba wenzake wameanza Septemba, kadi ya chanjo nilikuwa nayo, wiki ya pili ana rafiki. Namba ya SIN, ile ya kufanyia kazi na mambo ya kodi, nilipata Service Canada siku hiyo hiyo bure, msilipe mtu anayewaambia atawasaidia kuipata.

Kama bado unawaza utumie wakala, hawa au wengine, angalia kwanza kama amesajiliwa. Anayekushauri kwa malipo awe wakili au mshauri aliye kwenye daftari la College of Immigration and Citizenship Consultants, chombo kilichoanza kazi Novemba 2021, na daftari liko wazi mtandaoni unaandika jina unamwona. Huyu wangu yupo, nilimwangalia kabla sijalipa, na naamini ndo maana lile swali la mtoto lilimtoka bila kufikiri. Kwa mtu ambaye familia yake haijabadilika tangu atume maombi na anaenda Ontario, sioni cha kumlipia dola 400, soma karatasi yako ujue inaisha lini, panga urudi nyuma kuanzia hapo. Kwa aliyeoa, aliyezaa, mwenye mimba, au mtoto anayeishi na mzazi mwingine, lipa, ila lipa kikao kimoja. Cha pili ndo kilichonipa tarehe 2 Oktoba.

Mtoto alizaliwa 24 Januari, bima ikiwa na wiki tatu na siku mbili. Mama amemwona kwa video, anasema pua ni ya kwetu.

Nyota tatu. Hela ya kikao cha pili mpaka leo haijaingia, ni mwezi wa pili huu, ikiingia nitarudi hapa nibadilishe ziwe nne.